Nimetukana Ndoa ya Watu

Basi tangu asubuhi hii mtaa mzima unajua kwamba nimetukana ndoa ya watu. Mimi! Mtu wa fotokopi, mwenye meza moja na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Kosa langu ni kubaki na ordinateri ya zamani, yaani kompyuta, ile yenye mlango wa kuingizia sede, zile CD na DVD. Wenzangu wote wa sekretaria hapa komini ya Kenya, Kenya ya Lubumbashi, si ile nchi, wameshanunua vile vimashini vyembamba visivyo na tundu lolote, na mteja akiwaletea sede wanamwonyesha kwangu kwa kidevu: "Enda pale kwa vieux, yeye angali nayo." Vieux, yaani mzee, ndiye mimi. Heshima yote niliyo nayo Lubumbashi ni hiyo.

Kwa hiyo sede zote zenye magonjwa zinalazwa kwangu. Mwanafunzi analeta TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, kwenye sede iliyokaa mfuko mmoja na funguo na karanga. Ile ya kwaya iliwekewa sufuria ya chai juu, duara bado linaonekana. Kuna mama alikuja na yake ikiwa na uzi bado, ameifungua bustanini alikoitundika ifukuze ndege kwenye lengalenga. Akaniomba nimtolee nyimbo upesi kabla ndege hawajapata habari.

Na hakuna anayeniuliza kitu, maana kila mmoja anakuja na jibu lake tayari. Lekteri, kile chombo cha kusomea sede, ikifa, mwenye sede anasema lekteri ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Mwenye lekteri anasema ni sede. Mimi ni mwenye lekteri, lakini nitasema ukweli hata ukiniuma mfukoni: sede yenye mikwaruzo haiui lekteri. Humo ndani hakuna kinachoigusa usoni. Ni mwanga tu unapigwa kutoka chini, unagonga, unarudi. Ukikuta mkwaruzo unapotea njia; lekteri inapunguza mbio, inarudia, inakoroma, inarudia tena, mwisho inakuambia haioni. Imechoka, haijafa. Za kuogopa ni nyingine: iliyopasuka kuanzia tundu la katikati, maana hiyo inaweza kukatika vipande ikiwa mbioni, iliyopindwa na jua nyuma ya kioo cha gari, na iliyobandikwa karatasi. Hasa karatasi. Na hapo ndipo tantini, mama mmoja mteja, anapoingia.

Aliingia asubuhi. Kuran, umeme, ilikuwa imerudi usiku wa manane na bado haijaondoka, yaani ilikuwa siku ya neema.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, tantini. Karibu, kaa. Hapana, usiegemee huko, huko ni tofali."

Akafungua fundo la kitenge, akatoa leso, ndani ya leso plastiki, ndani ya plastiki DVD. Arusi ya mtoto wa dada yake. Niiweke kwenye kle, yaani flash, itumwe Johannesburg kwa kaka mtu, ambaye hakuweza kuja lakini alituma suti. Sawa. Nikaigeuza. Upande wa chini ulikuwa safi, unang'aa, sijaona sede safi namna ile tangu kiangazi kianze na vumbi lake. Upande wa juu walikaa bwana na bibi arusi. Hawakuchapwa. Ni picha ya karatasi nene ya fotografi, imekatwa kwa mkasi wa mtu mwenye haraka, ikabandikwa kwa gundi ya shule. Bibi arusi amebaki ukingoni, bega moja na shela. Bwana arusi yuko mzima, na suti ya Johannesburg, na nyuma yake kipande cha mjomba. Nusu ya sede imevaa, nusu iko uchi.

"Tantini, hii picha tuibandue kwanza."

"Umubandue nani?"

"Karatasi tu, tantini. Upande mmoja ukizidi uzito..."

"Papa, hawa bamefunga ndoa mbele ya padri na mbele ya komini. Weye njo unataka kubabandua?"

Nikamweleza kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Nikamwambia sede ni sentimita 12 tu kwa upana na milimita 1.2 kwa unene, ukiiangalia huwezi kuiogopa, lakini lekteri kama yangu, iliyoandikwa 52x usoni, ndiyo alama ya mbio zake, ikiikimbiza hadi mwisho inaizungusha karibu mara 10,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hakuna teksi ya Likasi iliyowahi kufika huko, hata ile isiyo na breki. Kwa mbio hizo kipande cha karatasi upande mmoja kinatosha kuiyumbisha. Kama unataka jina juu ya sede, nikasema, andika kwa kalamu ya felti, kalamu haina uzito. Tantini alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa upole. Kisha akausukuma mlango kwa kidole chake mwenyewe, ukaingia na arusi yake.

Mwanzo ulikuwa mvumo. Halafu meza ikaanza. Kalamu zikatembea ndani ya kopo, maji ya chupa yakajichora viduara, tofali likanong'ona chini ya kiti na tantini akakumbatia mkoba. Kwenye ekra wamama wanaingia ukumbini wakicheza: hatua moja, wanaganda, hatua moja, wanaganda. "Si unaona," tantini akasema, "inatumika muzuri." Ndipo: TRRRAP. Joto lilikuwa limeshailegeza gundi. Karatasi ikainuka, ikajisokota, na vyote vikanyamaza isipokuwa tantini.

Nikabonyeza kitufe. Hapana. Mlango ulitoa ulimi kidogo, ukaurudisha. Sasa, pale mbele kuna kitundu kidogo sana ambacho watu wanadhani ni cha kupitishia hewa. Ni cha siku kama hiyo. Unazima masini, unanyoosha kibanio cha karatasi, unakichomeka taratibu, unasikia kitu ndani kinakubali, unaendelea kusukuma, na mlango unatoka upana wa vidole viwili. Nikafanya hivyo. Akatoka bwana arusi: jicho moja, sikio, na kola ya suti, amekunjamana. Bibi arusi alibaki ndani.

"Papa," tantini akasema polepole, "na muke wake iko wapi?"

Nikamwita depanere, fundi wa masini. Akaja na turnevisi zake, yaani bisibisi, tochi ya simu ameing'ata menoni. Na nyinyi mnajua, hapa kwetu hakuna mtu anayefungua masini peke yake. Bisi, yaani skrubu, ya kwanza haijatoka, watu wameshajaa. Mzee mmoja mstaafu wa reli akasema ni sindano imekatika. Nikamwambia, mzee wangu, hii haina sindano, ni mwanga. Akaniuliza mwanga unakatikaje. Muuza dawa wa jirani akasema ni virusi. Virusi vya kukunja karatasi! Nikamwacha, namdai.

Depanere akatoa bibi arusi kwa kibano, kipande kwa kipande, akampanga mezani. Kisha akatuonyesha jicho la lekteri, lenzi ndogo sana inayoning'inia juu ya nyuzi nyembamba za chuma ili iweze kupanda na kushuka kuifuata sede. Sede ilipoyumba ilishuka ikaipiga. Lenzi ilikuwa imelala upande, na gundi juu yake. "Hii haiponi," akasema. "Utafute ingine." Ingine, maneno mepesi. Lekteri yenyewe imeshatumika mahali, imepita mpakani Kasumbalesa ndani ya mzigo wa mtu, inauzwa kwa masharti ya "ukifika nyumbani isipofanya kazi usirudi," na bei yake ni bukari, ugali, wa nyumba yangu kwa muda ambao sitaki kuuhesabu.

"Basi tuongee," nikasema, sauti ya mtu mzima. "Nani analipa?"

"Sede haiwezi kuvunja chuma," tantini akasema.

Depanere, kijana wa watu, hana ubaya, akataka kunisaidia. "Hapana, tantini, sede ni nzima kabisa, haina shida. Shida ni bwana arusi. Alikuwa muzito upande mumoja, masini ikashindwa kumubeba."

Kimya. Halafu uso wa tantini ukafunguka, nikaona furaha ya mtu aliyengoja haki kwa muda mrefu.

"Aaaah! Hata masini imeona! Siku ya mahari nilisema! Nilibaambia dada zangu, huyu kijana ni muzigo, mutoto wetu atabaki pembeni. Angalieni picha, si ako pembeni?"

"Nani ni muzigo?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye mstari wa fotokopi. Dada wa bwana arusi. Amekuja kutoa nakala ya kadi ya uchaguzi, Mungu wangu, kati ya meza zote za komini ya Kenya. Amesikia mwanzo hadi mwisho, na sasa anamwona kaka yake mezani, nusu uso, na mkewe vipande vipande pembeni.

Sitaki kueleza yaliyofuata. Simu zilipigwa. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa na wajomba wa pande zote mbili, wamekaa hata juu ya ndoo yangu ya maji, na mjomba mkubwa, yule aliyetokea kipande kwenye picha, anataka kujua ni nani aliyesema arusi yao haina mizani. Nikasimama. Nikasema: bakubwa, hakuna aliyesema arusi. Tunaongea karatasi. Fotografi alibana karatasi yake, angekata duara nzima, tena na hiyo nisingeikubali, maana hata duara nzima inabanduka kwa joto. Akasema: kumbe unakubali ilibanduka. Nikasema ndiyo, ilibanduka. Akawageukia wenzake: "Mumesikia? Anasema imebanduka."

Jamani! Mtu unaongea gundi, watu wanasikia talaka. Unasema uzito, wanasikia mahari. Mimi sikualikwa hata kwenye hiyo arusi! Niliwaona wanapita na magari yao yakipiga honi wakati natafuta maji na bidoni, hakuna aliyeniambia njoo, vieux, onja hata bia moja ya Simba. Leo ndoa imebanduka, mwenye kosa ni mtu wa fotokopi. Depanere? Alishakunja turnevisi zake, na pesa yake akachukua, kwangu. Fotografi? Simu yake iko nje ya resó. Muuza dawa akasimama pale akisema yeye tangu mwanzo alisema virusi.

Wakakaa. Wakakubaliana, familia zote mbili, jambo ambalo nasikia halikuwezekana hata siku ya mahari. Nitoe kuku na kreti ya bia, ya kusafisha maneno. Nikauliza kwa heshima, na lekteri yangu? Wakasema hayo ni mambo ya masini, wao wamekuja kwa mambo ya watu. Nikasema sitoi. Basi wakaamua kuniandikia barua kwa shefu wa kata.

Sasa barua ya kata lazima ichapwe, ya mkono haipokelewi. Mjomba mkubwa akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavuta kile kiti, akaanza kunisomea: "Sisi wanafamilia tuliotiwa sahihi hapa chini..." Nikachapa. Kazi ni kazi. Nikamwambia si tuliotiwa sahihi, ni tuliotia. Akashukuru. Pale waliponiita "mtu asiyejulikana tabia" nikapunguza maneno kidogo ili waraka uishie ukurasa mmoja, wasipate gharama. Watoto wangu watafukuzwa shule Jumatatu kwa minervale, ile ada, na mimi nawapunguzia watu gharama ya kunishitaki.

Akauliza nakala moja ni bei gani. Nikamwambia. Akasema mimi ni ghali, pale kwa vijana wenye vimashini vyembamba ni nusu. Nikamwambia basi aende kwa vijana.

Akasema ameshakaa.