Ufunguo wa nati uko wapi?

Jamani, nani mwingine ameteswa na hizi nati za loki za tairi, zile za kuzuia wezi wa magurudumu? Pancha imenikuta Chalinze, saa 2 usiku. Jeki ninayo. Spana ninayo. Tairi la spea limejaa upepo. Nati nne zimetoka bila ubishi. Ya tano je? Kichwa chake kimechongwa vijifereji kama ua, spana inateleza tu! Ufunguo wake ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Kiko wapi? Kimebaki Japani kwa mwenye gari wa kwanza? Muuzaji alinipa kadi, akanipa mpaka zulia la miguuni. Kidude, hakuna!

Fundi akaja na nyundo, akapigilia soketi ndogo juu ya nati, ko! ko! ko! Akaning'inia kwenye bomba refu kama mtu anayeng'oa mbuyu. Soketi ya kwanza ikapasuka. Ya pili iking'ata, rimu nayo ishachubuka! Saa 5 ndipo nati ikatoka, imenasa ndani ya soketi kama kupe, na soketi nikailipia mimi.

Na bado magurudumu matatu, kila moja na nati yake!