Chokaa au salfaidi: metali ikitolewa majini, inakwenda wapi?

Februari 18, 2025, ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka Chambishi, katika mkoa wa Copperbelt nchini Zambia. Maji ya asidi yaliyobeba metali nzito yakaingia hadi mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ikatuma boti na ndege kumwaga chokaa mtoni. Silaumu uamuzi huo, kwa sababu hapakuwa na dawa nyingine ya haraka. Lakini chokaa haiteketezi shaba. Hupunguza ukali wa asidi, metali zikaganda na kutuama kama mashapo, na mashapo hayo hubaki pale pale, kwenye tope la mto.

Watetezi wa chokaa wana hoja nzito. Ni rahisi kwa bei na hutokana na mawe yanayopatikana karibu. Katanga, eneo la migodi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, wana mawe ya chokaa ya Kakontwe jirani na mji wa Likasi. Fundi hahitaji mtambo wa ajabu, humimina maji ya chokaa huku akiangalia pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hupanda asidi inapopungua. Chuma huganda pH ikipita 3 kidogo, alumini karibu na 5, shaba baada ya 6.

Ugumu unaanza baada ya hapo. Zinki hutaka kama 9, manganizi karibu 10, na ukizidisha chokaa, alumini na zinki huanza kuyeyuka upya. Maji ya mgodi hayabebi metali moja, kwa hiyo hakuna kiwango kimoja cha pH kinachozifaa zote. Isitoshe, tope linalopatikana ni jepesi, limejaa maji na jasi (madini meupe yanayotokana na chokaa ikikutana na salfeti), na metali zimechanganyika humo kiasi kwamba hakuna mnunuzi. Hurundikwa kwenye mabwawa, na Chambishi imetuonyesha mabwawa yanavyoweza kubomoka.

Wanaopigania salfaidi, yaani kemikali za salfa zinazoshikana na metali na kuzigandisha, huanzia kwenye kasoro hiyo. Salfaidi hunasa shaba maji yakiwa bado makali, kisha zinki pH ikipandishwa kidogo, na manganizi huachwa majini. Mashapo yake ni mazito, hukamuka vizuri, na yana soko. Huko Budel, Uholanzi, tangu 1992 kiwanda cha zinki kimekuwa kikitumia bakteria wanaogeuza salfeti kuwa salfaidi. Zinki iliyokuwa imechafua maji ya ardhini hunaswa na kurudishwa kiwandani kama malighafi. Kwangu huo ndio mfano bora kabisa katika fani hii, maana uchafu wenyewe unageuka mali.

Hata hivyo, siwezi kuuhamishia mfano huo Kolwezi, mji wa migodi katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, kwa mkupuo mmoja. Haidrojeni salfaidi, inayotumika katika njia hii, ni gesi inayoua. Hunuka kama mayai viza, lakini ikizidi hupooza uwezo wa kunusa, na mfanyakazi akadhani imekwisha kumbe ndiyo imemzunguka. Bakteria nao hutaka chakula na uangalizi usiokatika, na migodi ya Lualaba ina shida ya umeme. Tena mashapo ya salfaidi yakiachwa juani na kwenye mvua huoza kwa hewa na kuirudisha asidi ile ile. Yasipouzwa ni hatari mpya.

Nchini Kongo, inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia (metali ya betri), viwanda vingi vimeshika njia nyingine. Shaba ikishatolewa, chuma na alumini huondolewa kwa chokaa, halafu kobalti hugandishwa kwa magnesia (oksidi ya magnesiamu) pH ikiwa karibu na 8. Kwa nini magnesia iliyo ghali, na si chokaa? Kwa sababu chokaa ingeleta jasi ndani ya bidhaa. Magnesiamu hubaki majini, na kobalti hutoka safi zaidi, ingawa huburuta manganizi kiasi. Mashapo haya mabichi hupakiwa kwenye magunia na kusafirishwa kwa malori hadi bandari za Durban na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya uzito ikiwa maji. Kiwanda kinapata kobalti safi. Maji yenye magnesiamu na manganizi yanabaki Lualaba, na kuyasafisha kunahitaji chokaa tena, na tope tena.

Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi, Kongo, na Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida popote. Vumbi na chakula vina sehemu yao, si maji peke yake, lakini matokeo hayo yanatosha kubadili namna ya kupima mafanikio. Utafiti mwingi wa mashapo huishia kwenye asilimia ya metali iliyonaswa katika chupa ya maabara. Mimi ningetaka kila ripoti iseme pia ni kilo ngapi za tope zinazalishwa kwa kila mita ya ujazo ya maji, na tope hilo linaachia nini likinyeshewa misimu kadhaa. Kwa hesabu hiyo, naona salfaidi inastahili nafasi kwenye shaba na zinki, pale penye mafundi waliofunzwa, vipima gesi na mnunuzi wa uhakika. Chokaa ibaki kwa metali zinazosalia majini, na bwawa lake likaguliwe na mtu asiyelipwa na mgodi.