Hewa ya Langoni pa Shule

Ukisimama nje ya lango la shule ambayo wanafunzi wengi hupelekwa kwa magari, dakika kumi kabla ya kengele, utaona jambo tulilolizoea hadi tukaacha kulishangaa. Magari yamepangana huku injini zikinguruma, na katikati yake anapita mtoto wa darasa la kwanza, begi limemzidi mgongo, pua yake ikikaribia kimo cha bomba la moshi. Mtoto huyo huvuta pumzi kwa kasi kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takribani asilimia 93 ya watoto wa chini ya miaka 15 huvuta hewa iliyochafuka kiasi cha kuhatarisha afya yao. Sehemu ya uchafu huo tunawaletea sisi wenyewe, tukidhani tunawalinda.

Nasema tukidhani tunawalinda kwa sababu namwelewa mzazi anayempeleka mwanawe kwa gari. Anaogopa magari, na kwa hofu hiyohiyo anaongeza gari jingine barabarani. Jirani yake naye, akiliona, hathubutu tena kumwacha wake atembee. Ndiyo maana sizipendi kampeni zinazowahubiria wanafunzi faida za baiskeli kisha zikawaachia barabara ileile isiyo na njia ya miguu. Watoto wengi wanaitamani baiskeli bila kuhubiriwa. Anayehitaji kutulizwa moyo ni mzazi, na mabango hayamtulizi.

Njia ninayoiamini zaidi ni kufunga barabara ya mbele ya shule kwa magari nyakati za kuingia na kutoka, wakazi na magari ya dharura wakiruhusiwa kupita. Mji wa Bolzano, kaskazini mwa Italia, ulianza utaratibu huo mwaka 1989, na miji mingine, ikiwemo London na Paris, imeufuata. Mzazi atokaye mbali humshusha mwanawe kabla ya kizuizi, na mwendo uliobaki humaliziwa kwa miguu. Walio karibu wanaweza kutembea kwa msafara, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, wakiwapitia watoto njiani kama basi lipitiavyo vituo vyake. Huko Barcelona, tangu mwaka 2021, misafara ya namna hiyo huenda kwa baiskeli katikati ya barabara, na mwendo hupangwa kwa kufuata watoto wadogo.

Kwa wanaokaa mbali kabisa, basi moja lililojaa ni afadhali kuliko msururu wa magari yenye mtoto mmojammoja, mradi dereva azime injini anaposubiri.

Kamati ya shule inaweza kuanza na vizuizi viwili vya kuhamishika, wazazi wachache wa kujitolea waliovaa fulana za kung'aa, na kibali cha mamlaka ya barabara. Jaribio liwe la muhula mmoja, na wanafunzi wanaofika kwa miguu au kwa baiskeli wahesabiwe langoni tangu wiki moja kabla ya barabara kufungwa.