Karatasi yenye A1 mwishoni

Kijana aliingia kibandani kwangu mtaa wa Gerezani, Dar, saa nne asubuhi, bahasha ya kaki mkononi, kaishika kwa adabu kama mtu aliyetumwa kupeleka barua ya posa. Mimi nasuka mota: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Wanaoingia pale huwa wamebeba kitu kizito kinachonuka vanishi iliyoungua. Huyu alibeba karatasi.

"Shikamoo fundi. Nataka unisukie koili. Hii ni hataza ya Marekani, hati ya kumiliki uvumbuzi, tena ya jeshi la majini. Waya usio na ukinzani kabisa, umeme unapita bila kupotea hata kidogo, kwenye joto hilihili la kwetu. Tukiiweza hii, LUKU tunaisahau."

Nikamwambia akae kwenye benchi, nikatafuta miwani.

Sikumcheka. Kila wiki naletewa kwenye simu video ya mtu aliyefunga sumaku kwenye feni, taa inawaka haijulikani kwa nini, na chini yake watu wanaandika "serikali imsaidie huyu". Kijana wangu angalau alikuwa amechapisha karatasi kumi na kitu na amezipigia mistari. Alikosea mahali pamoja tu, na ndipo paliponifanya niandike haya: aliamini kwamba kitu kikishapewa hataza, basi kinafanya kazi.

Sisi wa Dar ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Nani mjini hapa hajui tofauti ya hati ya kiwanja na nyumba? Mtu anaweza kuwa na hati yenye mihuri yote, na kiwanja chenyewe kiko bondeni, masika ikija ni bwawa la vyura. Hati inasema hapa ni pake, mwingine asiguse. Kama panajengeka, hilo utalijua mwenyewe siku ya kuchimba msingi. Hataza ni hivyohivyo. (Na jamani tuache kuiita hakimiliki. Hakimiliki ni ya nyimbo na vitabu. Ya uvumbuzi ni hataza, na kwa Bara unaiomba BRELA.) Ofisi ya hataza ya Marekani kwa kawaida haimdai mvumbuzi alete mashine iwashwe mbele yao. Wanaoweza kuambiwa walete ni wale wanaodai mashine inayojiendesha milele bila kutiwa nguvu, maana hao wamewachosha kwa muda mrefu.

Nikaanza na namba iliyo juu ya ukurasa wa kwanza. Iliishia na A1. Kwa nyaraka za Marekani za miaka hii, A1 ni ombi lililochapishwa ili watu walione. Likikubaliwa, karatasi hutoka upya na namba inayoishia B1 au B2. Kwa lugha ya ardhi, kijana alikuwa ameshika fomu ya maombi akidhani ni hati.

Ombi lenyewe ni la mhandisi Salvatore Pais, aliyekuwa kwenye kituo cha ndege za jeshi la majini la Marekani, na lilichapishwa 2019. Limezungumzwa sana. Mchoro wake ni rahisi kuuelewa: waya wenye kiini kisichopitisha umeme, kiini kimepakwa tabaka la nje, halafu koili imezungushwa juu yake. Pitisha umeme wa mapigo kwenye koili, waya utetemeke kwa namna fulani, na ukinzani utoweke bila baridi yoyote. Ndivyo linavyodai. Jeshi lenyewe lilijaribu kwa miaka 3, mpaka 2019, nadharia iliyobeba hataza nyingine za mhandisi huyo. Zilitumika zaidi ya dola 500,000, na nadharia haikuthibitika.

"Kwa hiyo ni uongo?" akaniuliza.

Sikusema uongo. Nilimwambia asubiri, nikamfungulia kwenye simu mchoro mwingine. Hataza ziko Google Patents, bure, bando lako tu.

Huu wa pili ni wa Dudley Buck wa chuo cha MIT, Marekani, hataza ya 1958, kifaa alichokiita krayotroni. Ukiiweka michoro hii miwili pamoja utasema ni ndugu wa tumbo moja: waya katikati, waya mwembamba umesukwa kuuzunguka. Kazi yangu ya kila siku, isipokuwa yangu inalipwa kwa kilo ya shaba. Katika krayotroni waya wa kati ni tantalamu, wa kuzunguka ni niobiamu, na vyote vinazamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwamba metali ikifika baridi ya namna hiyo inaweza kupoteza ukinzani wote lilikuwa jambo linalojulikana tangu 1911, pale Heike Kamerlingh Onnes alipopima zebaki kule Leiden, Uholanzi. Ujanja wa Buck uko kwenye kuchagua tantalamu. Yenyewe hupoteza ukinzani juu kidogo tu ya joto la heliamu, kwa hiyo ikiwa mle ndani imesimama ukingoni kabisa. Sumaku ndogo ya koili inatosha kuisukuma ikaanguka, ukinzani ukarudi. Niobiamu ina nafasi kubwa zaidi, haitikisiki. Basi umeme mdogo wa koili unazima umeme mkubwa wa waya wa kati. Hiyo ni swichi, na swichi zikiwa nyingi ni kompyuta.

Mimi ukurasa ule niliusoma mara tatu siku ya kwanza nilipoukuta. Hakuna neno la kupamba. Waya gani, umesukwaje, umezamishwa wapi, unafanya nini. Sheria ya hataza inataka maelezo yatoshe mtu mwenye ujuzi wa fani ile aweze kukitengeneza kitu. Mtu huyo kwa Kiswahili ni fundi. Yaani karatasi hizi, pamoja na wanasheria wao wote, mwisho wa siku zinamwandikia fundi! Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kama tunaelewa.

Na ukiuliza hivyo, michoro miwili inaachana. Kwa Buck koili inauondoa upitishaji usio na ukinzani, jambo ambalo maabara yoyote ilikuwa imeshaliona kwa sumaku. Kwa Pais koili ndiyo inayouzaa. Na krayotroni zilitengenezwa, zikapimwa, zikafanya kazi.

Hazikumtajirisha mtu. Buck alifariki Mei 1959 akiwa na miaka 32, na mwaka huohuo Jack Kilby na Robert Noyce, kila mmoja kivyake, waliomba hataza za saketi zilizojengwa ndani ya kipande kimoja cha nusukipitishi, kama silikoni. Silikoni haikuhitaji heliamu. Kiwanja cha Buck kilikuwa kizuri, nyumba ilisimama, mji ukahamia upande wa pili.

Kuna pia kesi ya mpaka, maana hadithi ya viwanja haikamiliki bila kesi. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, watafiti wa IBM karibu na Zurich, walikuta kauri inayopoteza ukinzani kwenye joto la juu kuliko metali zote zilizojulikana. Mwaka uliofuata ikaja kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, inayofanya hivyo kwenye nyuzi kama 180 chini ya sifuri. Usione ni baridi ile. Naitrojeni ya kimiminika iko nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni inatoka kwenye hewa hii tunayovuta, bei yake haifanani kabisa na ya heliamu. Nani mwenye hataza ya kauri hiyo? Maabara kadhaa za Marekani zilivutana mpaka 2003, Bell Labs ikashinda. Wakati wanavutana, wahandisi walikuwa na shida yao nyingine: kauri ni kauri, jaribu kusuka koili kwa udongo wa chungu uone. Ilichukua miaka mingi kupata tepu zinazokunjika. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, ukafukia kebo ya kauri za ukoo huo, kilomita 1, volti 10,000, megawati 40, naitrojeni ikizunguka ndani yake.

Kijana macho yalimtoka. "Kariakoo!" akasema. Kweli, wazo si baya. Ghorofa zinaota kila mtaa na chini hakuna pa kuchimba mtaro mwingine. Kebo moja nyembamba ya kubeba mzigo wa kebo nyingi ingepata kazi. Lakini mimi nisingeanza na hiyo. Mota zinazonipa ugali nyingi zinaungua kwa sababu ya viungo vilivyolegea na waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani wa tatu. Umeme unaopotea hapo unazuiwa kwa bisibisi.

Na LUKU? Hapo nilimkatalia bila kupepesa. Waya usiopoteza umeme hauzalishi umeme. Ukizungusha umeme kwenye pete ya niobiamu iliyopozwa utazunguka miaka, lakini siku ukiutaka utapewa uleule ulioweka, kama pesa za kibubu. Tena umlipe anayeendesha jokofu.

Sasa, hataza ya Buck muda wake ulikwisha zamani. Na hataza ya Marekani hata ikiwa hai inamfunga mtu kule; kama hakuiombea huku, Gerezani haina nguvu, ili mradi usiwapelekee wao bidhaa. Kwa hiyo kesho asubuhi naweza kusuka krayotroni na hakuna wa kuniuliza. Nitakosa kimoja tu, heliamu. Na heliamu, watafiti wa Oxford na Durham walitangaza mwaka 2016, iko Rukwa: makadirio yao kwa sehemu moja tu ya bonde lile yalikuwa futi za ujazo bilioni 54. Wachimbaji wameshaiona ikitoka kisimani. Kila ninapoisikia kwenye redio, mazungumzo ni kuuza. Tutauza kwa nani, mrabaha kiasi gani. Sawa, pesa ni pesa. Ila mashine za MRI hospitalini zina koili za niobiamu na titaniamu zilizozamishwa kwenye gesi hiyohiyo, na mimi ninayesuka koili mji huu miaka ishirini na kitu sijawahi kuulizwa kama ningependa kujifunza hata kuijaza tu. Ningependa. Wapo wengi wa aina yangu kati ya Gerezani na Keko.

Kijana alikunja karatasi zake polepole, akaondoka bila koili. Nilimwambia nitamsukia siku atakapoleta huo waya wa kati na tuupime kwanza, kabla ya kuwasha chochote. Nilidhani nimempoteza.

Juzi kapita tena, bila bahasha. Ameagiza mtandaoni kipande cha ile kauri ya itriamu, kidogo kama kifuniko cha soda, anataka kuiona sumaku ikielea juu yake kwa macho yake. Alitaka kujua naitrojeni ya kimiminika ataipata wapi. Nikamwambia aanze na watu wa mifugo, wale wanaopandikiza ng'ombe kwa mirija, mbegu za madume wanazitunza kwenye mitungi ya naitrojeni. Akanitazama kama namtania.