Jekundu Kushoto

Watu wa nyumbani wakisikia mume wangu ni nahodha wa boti ya kukodi huko Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Karibiani, hudhani tunaishi ndani ya kalenda. Hawajui kwamba mpishi wa boti ndiye mfua shuka, mfua shuka ndiye mwosha vyoo, na wote watatu ni mimi.

Pesa yenyewe hasa ni bakshishi. Desturi ya huku ni mgeni kuwaachia mabaharia asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari siku ya kushuka, na ada ya shule ya mwanetu hutoka humo. Kwa hiyo mimi hutabasamu wiki nzima mpaka mashavu yaniume.

Mwaka huo mavyaa alikuja kututembelea kutoka Mombasa, na kumwacha peke yake nchi kavu Tortola, kisiwa tunachokaa, ilikuwa haiwezekani. Wageni, familia moja ya Wamarekani wanane, walisema hakuna neno, aje. Basi akaja na leso zake na mawazo yake. Marehemu baba mkwe alifanya kazi maisha yake yote kwenye boti za kuvuta meli pale Kilindini, na mavyaa alisomea unahodha kwa njia ya kumsikiliza mume akila chakula cha jioni. Huku upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Aliuliza kusi linaanza lini, akaambiwa halipo, akatikisa kichwa kwa kuwasikitikia.

Katikati ya safari wageni wakataka Anegada, kwa ajili ya kamba-koche wa kuchoma ufukweni. Visiwa vingine vyote vya hapa ni milima, lakini Anegada ni bapa la matumbawe ambalo kilele chake hakizidi mita 9. Ukitokea kisiwa cha Virgin Gorda unaona vilele vya mivinje kwanza, vimesimama juu ya maji kana kwamba havina nchi chini yake. Upande mmoja umezungukwa na mwamba uitwao Horseshoe Reef, karibu kilomita 29, ambao umekula mamia ya meli tangu enzi za Wahispania. Ndiyo maana njia ya kuingilia imewekwa maboya, mekundu na ya kijani.

Sasa hapo kwenye maboya. Sehemu kubwa ya dunia, Kenya ikiwemo, chombo kikiingia kutoka bahari kuu huacha boya jekundu kushoto. Amerika yote na Karibiani, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, ni kinyume: jekundu kulia. Mume wangu anajua hayo. Ameyafanyia mtihani akafaulu, na vyeti vyake vimejaa ukuta mzima. Ila hakuna chuo kinachotoa cheti cha kumjibu mama.

"We mwana! Jekundu kushoto!" Mavyaa alikuwa amesimama omo, mbele kabisa ya boti, leso imefungwa kiunoni.

"Mama, huku ni…"

"Huku nini? Kwani bahari si moja? Babako angekuona leo!"

Hilo la "babako" ndilo lililotuponza. Niliuona mkono wa mume wangu ukizungusha usukani kabla kichwa chake hakijapata habari.

Hakukuwa na kishindo. Boti ya matumbo mawili ikipanda fungu polepole hutoa sauti ya mchele unaomwagwa kwenye sinia, kisha glasi zote mezani zinasogea pamoja upande wa mbele. Baba wa wale wageni, mzee mnene mwenye kofia, akauliza kwa furaha, "Tumefika?"

Mavyaa wala hakushtuka. "Si neno, tumepwelewa tu. Tukae, maji yatajaa." Akaniagiza niteleke chai.

Nyumbani angekuwa na haki. Mombasa siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda zaidi ya mita 3. Chombo kilicholala ubavu asubuhi, alasiri kinaelea chenyewe. Tukanywa chai, tukala mahamri. Wageni wakapiga picha za mahamri. Mume wangu akajaribu kurudi nyuma kwa mashine, tukapata maji meupe ya mchanga na moshi wa dizeli. Kuita msaada kwa redio hakutaka hata kusikia: chaneli 16 husikilizwa na manahodha wote wa jirani, na wengine wao ndio anaoshindana nao kutafuta wateja.

Mwanetu akaja na jedwali la maji. "Nyanya, yanajaa sentimita 30."

"Mita ngapi na sentimita 30?"

"Mita sifuri."

Mavyaa aliliangalia lile jedwali kwa muda, kisha akaiangalia bahari ya watu. "Hayo ni maji ya kutawadhia," akasema.

Kisha akageuka, akawatazama wageni mmoja mmoja, kuanzia yule mzee wa kofia, kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe. "Hawa wana kilo ngapi?"

Wageni wakataka kujua anasemaje. Nikawaambia mama anauliza kama wangependa kuogelea.

Wakaruka wote wanane. Boti ikainuka kidogo, ukaisikia kabisa ikipumua. Maji yaliwafika kifuani. Mume wangu akazima mashine, maana rafadha na miguu ya watu ni vitu viwili visivyokutana, akashuka naye. Wakajipanga omo, mabega kwenye matumbo ya boti, na mavyaa akiwa juu yao akaanza kuongoza: "Haaa-ram…" Mara ya kwanza waliitikia kama watu wa kanisani. Ya tatu walikuwa wanaipiga "BEE!" mpaka ndege wakaruka.

Ikatoka. Na ilipotoka, ule upepo wa mashariki ambao mavyaa alikuwa ameudharau tangu afike ukaidaka, ukaanza kutupeleka kinyumenyume, tezi mbele, kuelekea katikati ya njia. Kidau cha mpira tulikuwa nacho sisi, kimening'inia nyuma. Juu ya boti kulikuwa na mpishi, mtoto na mavyaa. Nahodha alikuwa amesimama baharini na wateja wake, wakipungua ukubwa.

Mavyaa akaenda akakaa kwenye kiti cha usukani, akajiweka sawa leso.

"Mama, usiguse kitu."

"Nimegusa nini? Nimekaa."

Nikakimbia omo, nikabonyeza kitufe cha nanga, mnyororo ukashuka kwa kelele za kunitoa roho, na Mungu si Athumani, ikashika.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mitego yake ya kamba-koche alipunguza mwendo. Akawatazama wale watu tisa waliosimama baharini karibu na boya, mmoja ana kofia, akawauliza kama basi lao limechelewa. Aliwaleta wote kwa safari mbili, na akatuuzia kamba-koche kwa bei ambayo mume wangu hakuthubutu kuipinga.

Siku ya kushuka yule mzee akatoa bahasha, nene. Akampita mume wangu. Akanipita mimi na tabasamu langu la wiki nzima. Akaiweka mikononi mwa mavyaa, akainua kofia, akamwambia, "Asante sana, Kapteni."

Katika maneno yake yote ya Kizungu mavyaa alielewa lile la mwisho tu, na hakulikataa. Akaifunga bahasha kwenye pindo la leso.

Ada ya muhula ule tulimkopa yeye, na mpaka leo anatudai.