Programu iko Ujerumani, dirisha liko Dar

Kwenye Linux, andika ssh -X (amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuleta madirisha yake), jina la seva iliyoko Ujerumani, kisha xeyes, programu ndogo ya mchezo. Macho mawili yanachomoza kwenye skrini na kuanza kukifuata kipanya chako. Programu yenyewe inafanya kazi Ujerumani. Kilichofika Dar ni dirisha tu, nalo limejipanga pamoja na madirisha yako mengine kama mwenyeji.

Uwezo huu unatokana na X, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Ulizaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, katika Mradi wa Athena, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo la 11 la X, ambalo ndilo lililopo hadi leo, lilitoka mwaka 1987. Chuo kilikuwa na kompyuta za kampuni tofauti, na mwanafunzi alitakiwa aketi mbele ya yoyote atumie programu iliyo kwenye nyingine. Majina ya X huwavuruga wengi: kwake, seva ni kompyuta iliyo mbele yako, maana ndiyo inayohudumia skrini na kibodi. Programu iliyo mbali, hata kama iko kwenye mtambo wa kutisha, ni mteja tu.

Sasa Linux inaihama X. Wayland, mrithi wake iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, haikuweka katika itifaki yake njia ya kusafirisha dirisha kupitia mtandao. Kampuni ya Red Hat nayo iliiondoa Xorg, programu ya seva ya X, kwenye toleo la 10 la Linux yake, Enterprise Linux, mwaka 2025. Wakongwe wa maabara wanasema wamenyang'anywa haki yao. Nawaelewa, ila naona wanamshika mchawi asiye wao.

Tuanze na usalama, ambako X haina utetezi. Programu ikisharuhusiwa kuingia kwa uaminifu kamili, inaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza kwenye programu nyingine na kupiga picha ya skrini nzima. Maana yake, seva ya mbali ikidukuliwa wakati umefungua dirisha lake, nenosiri la benki unaloliandika kwenye kivinjari cha laptopu yako linaweza kusomwa huko huko. SSH ina -X ya kumbana mgeni na -Y ya kumwamini, lakini Debian, watengenezaji wa toleo mojawapo la Linux, wameziweka zote mbili zifanye kazi sawa, kwa sababu programu nyingi zilikuwa zinagoma zikibanwa. Wayland ilizaliwa ikilikwepa tatizo hili.

Kasi ndiyo habari ndefu. Zamani programu iliiambia skrini: chora mstari hapa, andika neno hili pale. Maneno machache, kazi imekwisha. Siku hizi GTK na Qt, maktaba zinazotumika kujengea madirisha ya programu, zinachora zenyewe, kisha zinatuma picha iliyokamilika, na X inabaki kuwa mchukuzi wa picha asiyejua kuzipunguza ukubwa vizuri kama VNC, njia ya kuonyesha eneokazi zima la kompyuta ya mbali. Tena kuna maswali: programu inauliza, inasubiri jibu, ndipo iulize tena. Tuseme safari ya Dar hadi Ulaya na kurudi ni milisekunde 150. Maswali 40 ya kusubiriana ni sekunde 6. Nimewahi kubofya menyu ya QGIS, programu ya ramani, kwa njia hii: kwanza kikaja kisanduku cha kijivu kitupu, baadaye maneno, na menyu ilipokamilika nilikuwa nimeshabofya mara tatu. Ndani ya jengo moja, ambako safari hiyo haifiki hata milisekunde 1, usingehisi chochote. X ilitengenezwa kwa ajili ya jengo, si kwa kuvuka bahari.

Na bahari ina mambo yake. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya iliyumba kwa siku kadhaa. Muunganisho wa ssh -X ukikatika, programu inakufa pamoja na kazi ambayo hukuihifadhi. VNC inakuachia kila kitu kikiwa hai kwenye seva, ila inataka eneokazi zima lisakinishwe huko, jambo ambalo wasimamizi wengi wa seva hawalipendi, na mimi siwalaumu.

Kwa hiyo wakongwe wana hoja: dirisha moja tu, bila mbwembwe za kusakinisha, ni jambo la thamani. Programu ya Waypipe inaiwezesha Wayland kuleta dirisha hilo kupitia SSH, ila sharti iwepo pande zote mbili. Programu nyingine, Xpra, nayo inalileta na kulitunza muunganisho ukikatika. Kinachochekesha ni kwamba Xpra yenyewe imejengwa juu ya X hiyo hiyo inayozikwa.

Mimi gnuplot, programu ya kuchora grafu, bado naiita kwa ssh -X nikiwa jengo moja na seva. QGIS ya Ujerumani iko ndani ya Xpra, na leo asubuhi nimeikuta na ramani ile ile niliyoiacha jana umeme ulipokatika.