Dadu Iliyozama Kwenye Kachumbari

Baridi ya Minnesota ikishakufungia ndani, utacheza chochote. Sisi tuliangukia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, wa mwaka 1974, ambao mmoja wa waasisi wake, Dave Arneson, alikuwa mtu wa hukuhuku. Nikawa msimamizi, yaani msimulizi wa hadithi na mwendeshaji wa mazimwi, kwa sababu ni mimi tu niliyekisoma kitabu cha kanuni hadi nusu.

Wahusika tuliwapata kwa kurusha dadu: unarusha nne, ndogo unaiacha, tatu unajumlisha. Binamu akapata 18, akawa mchawi mwenye akili za kutisha. Shemeji, alama yake ya juu kabisa ilikuwa 11, na bado aling'ang'ania kuwa shujaa wa upanga. Kitabuni, 10 ni mtu wa kawaida. Shujaa wetu alimzidi muuza nyanya kwa alama moja.

Tulipofika daraja la 5, binamu akajifunza mpira wa moto. Dadu 8, mazimwi majivu, shemeji hata upanga hajachomoa. Akanuna. Na shemeji ndiye mpika pilau wetu! Ijumaa iliyofuata tulikula mkate na chai ya rangi.

Nikampa upanga unaowaka. Binamu akalalamika, nikampa joho la kuzuia moto. Mpika pilau akadakia: "Shemeji, na mimi je?" Nikaongeza ngao. Baada ya mwezi, hakuna kiumbe kilichowatosha, ikabidi nilete joka jekundu lenye alama 178 za uhai.

Pumzi yake ya moto huunguza kwa jumla ya dadu 16. Tulizikusanya hadi za ludo. Kumi na tano zikatoa 52. Ya mwisho ikadunda kwenye sahani, ikazama kwenye kachumbari.

Wakubwa, na mavazi yao, hawakuungua hata kope. Ndipo nikamkumbuka mpwa wangu wa miaka 11, na mhusika wake, mwizi mdogo mwenye uhai 28. Hakuwahi kulalamika, kwa hiyo hakuwahi kupewa kitu. Kukwepa alishindwa. Mara mbili ya uhai wake ni 56: jumla isipozidi 55, anazimia tu. Ikizidi, anakufa papo hapo.

Tukainamia bakuli. Shemeji akasogeza kitunguu kwa uma, taratibu, kama anayefunua jeneza.

Sita.

"Mjomba," mtoto akasema, kidevu kikitetemeka, "mimi sijakuomba chochote."

Shemeji akainuka, akafunika sufuria.

Palepale akatokea kuhani, kijijini hajulikani, akamfufua mwizi bila hata ile almasi yenye thamani ya sarafu 500 za dhahabu inayodaiwa na kitabu. Akamwachia na viatu vya kurukia.

Binamu akakohoa. "Hivyo viatu... vipo pea ngapi?"